Kanga Hutaga Chini

Fisi alikuwa bosi wa kampuni ya viota. Kila kiota kiligongwa muhuri wa BORA kabla hata hakijamalizika, eti hiyo ndiyo kwoliti.

Mnana, ndege fundi wa kusuka viota, alifika na digrii yake kuomba kazi.

"Ekspiriensi miaka kumi unayo?" Fisi akauliza.

"Bosi, nimeanguliwa juzi tu."

"Basi sepa!"

Hapo Kanga akaingia akifoka. "Mzee Fisi, kiota ulichoniuzia kinaning'inia mtini! Mayai yanakaribia, nitataga wapi?"

"Kina muhuri, mama."

"Muhuri ndio niuatamie?"

Mnana akamgeukia. "Shikamoo, mama. Kwani wewe hutaga wapi?"

"Marahaba. Chini, kwenye nyasi. Wewe ndiye wa kwanza kuniuliza."

"Chini?" Fisi akacheka. "Hiyo si standadi yetu!"

Mnana akatoka na Kanga. Alisuka kiota kipana palepale chini, nje ya geti. Kanga akaketi, akajigeuza mara mbili, akataga.

Kesho yake kwale watatu wakapanga foleni kwa Mnana. Hakuna aliyetaka kuona vyeti. Kila mmoja alianza kumweleza anavyopenda kutaga, na Mnana akatega sikio.