Bi Enesi Anakagua Nyumba

"Shusha tena," alisema Bi Enesi. Alikuwa ameketi juu ya choo, kitenge kimefungwa barabara, viatu miguuni, mlango wazi.

Ombeni fundi alikuwa ameshakishusha mara mbili chuma cha kujishikilia kando ya choo. Aliyatazama mashimo aliyoyaacha ukutani, akafuta jasho. "Bibi, kikishuka zaidi utakuwa unainama kukitafuta."

Bi Enesi alichomoa kamba yenye mafundo matatu, akainyoosha kutoka sakafuni. "Fundo la kwanza kutoka juu. Hapa. Nakwambia fundo la kwanza, wewe unaniletea habari za kuinama."

Lusajo, mwanawe, alimkonyeza fundi asibishane. Miaka miwili alikuwa akimbembeleza mama yake ahame Ihanda aje kukaa naye Tunduma. Bi Enesi alikuwa na miaka sabini na sita, anaishi peke yake, na mwezi uliopita majirani walipiga simu kusema yuko juu ya paa anapigilia bati. Tangu siku hiyo simu ya Lusajo ikiita tu, anadhani ni habari za msiba.

Kisha wiki ile mama mwenyewe akapiga. "Lile jambo lako nimelikubali," alisema. "Ila nyumba zenu za mjini zinavunja watu viuno. Nakuja kuikagua yako. Isipofaa, usiniambie tena habari za mzee kukaa kwako."

Basi akaja, na kibegi kimoja na ile kamba.

Siku ya kwanza alitoa mazulia yote nje. Akamwaga maji juu ya vigae vya sebuleni, akapita juu yake taratibu mikono imetanuliwa, akatangaza kwamba hapa mtu anakufa Jumatatu na kuzikwa Jumatano. Vikatandikwa mpira. Kizingiti cha mlango wa nyuma kikavunjwa. Ukingo wa ngazi ukapakwa rangi nyeupe, mstari mnene ambao hata rubani angeuona.

Kitanda kipya nacho kikakatwa miguu, mpaka fundo la pili.

Jikoni, Erica alimnong'oneza mumewe huku maharage yakitokota. "Mama yako ni mrefu kuliko mlango wetu. Kitanda hicho atakilaliaje?"

"Nimekusikia," ikaja sauti kutoka uani, ambako Bi Enesi alikuwa akichagua mawe kwenye mchele bila miwani. "Mwambie fundi akate."

Erica alitaka kumuuliza waziwazi. Lusajo akamshika mkono. Kwao mzazi hahojiwi. Akisema kata, unakata, na maswali unabaki nayo.

"Ukimuuliza atanuna, akinuna ataondoka," alisema Lusajo, na safari hii hakuwa anatania. "Akianguka kule nani atamsikia? Mimi naogopa, mke wangu. Naogopa kweli."

Erica akaenda kumwita fundi.

Siku ya pili ilikuwa zamu ya mtaa. Bi Enesi alimkuta jirani yao Yonasi ameegesha pikipiki katikati ya kichochoro, akamsimamia mpaka akaitoa. Mtaro mbele ya nyumba aliuruka kwenda, akauruka kurudi, Lusajo amefumba macho. "Huu unamsubiri mtu," alisema. "Uwekewe mfuniko wa zege, na chuma pembeni." Dukani kwa Violet akaagiza benchi, ili mzee akichoka katikati ya safari apate pa kukaa bila kulazimika kununua kitu. Violet akakubali haraka, maana alishaona yaliyompata Yonasi.

Halafu akawakusanya majirani wote pale dukani.

"Mzee akipita hapa na mkongojo wake, mtamsalimia?"

"Tutamsalimia, bibi."

"Nisikie."

"Shikamoo."

"Hiyo ni ya kusalimiana na nzi. Kubwa zaidi."

"Shikamoo!"

"Tena!"

Wakapiga shikamoo moja hata madereva wa malori, waliokuwa wamekwama kwenye foleni ya kwenda mpakani, wakageuza shingo kuangalia ni mkubwa gani anapita. Bi Enesi akaitikia marahaba, ameridhika, akawaruhusu waende.

Siku ya tatu asubuhi alizunguka mara ya mwisho. Alitikisa kila chuma. Aliingia chooni, akatoka, akaingia tena amefumba macho, akatoka salama. Alikaa juu ya kitanda kilichokatwa, magoti yakamfika kifuani, akacheka peke yake.

Lusajo na Erica walisimama kando ya mlango wakimtazama. Erica alikuwa ametandika mashuka mapya yenye maua, na jagi la maji lilikuwa limewekwa karibu, mahali mkono unapofika. Aligundua kwamba naye sasa anaomba kimoyomoyo wafaulu. Katika siku tatu za kuvunja na kukata alikuwa amemzoea mama mkwe, na nyumba ilishaanza kuonekana tupu akimfikiria ameondoka.

"Imefaa," alisema Bi Enesi.

Lusajo alishusha pumzi ya miaka miwili. Machozi yakamlengalenga, wala hakuyaficha. "Karibu nyumbani, mama. Nikakuletee mizigo yako lini?"

"Mizigo yangu ya nini?" Bi Enesi alijiinua kitandani, akatupia kibegi begani. "Jumamosi nampitia mama yangu kule kijijini Kamsamba, nawaletea. Mtunzeni vizuri, ni mtu mzima yule."