Kabla Haijazimwa

Binamu yake alikwisha kushika waya wa umeme wa swichi ya mtandao. "Tuizime kidogo, dada, ipumue."

"Ngoja kwanza!"

Asubuhi nzima alikuwa amepiga magoti mbele ya swichi hiyo iliyovurugika mipangilio, akizielekeza upya njia za mtandao wa ofisi zote. Mfumo wake endeshi hutii kila amri papo hapo, lakini usipouambia uhifadhi, ukizimwa unasahau zote. Naye kabla hajauambia, mjomba, mwenye kampuni, alimwita: nafasi yako nampa mwanangu, lete funguo.

Magoti bado yalikuwa na alama za vigae.

"Mjomba, nataka tu kumwambia kwamba..."

"Umwambie nini?" Mjomba, aliyesimama mlangoni, hata hakumtazama. "Kazi yako hapa imekwisha. Mwenye kazi ndiye huyu, mwache afanye."

Taa za kijani za swichi zilikuwa zikikonyeza kama kawaida, na chumba cha pili mtu alikuwa akicheka kwenye simu.

Akaziweka funguo mezani, taratibu, zisilie.

"Haya, Mjomba," akasema. "Namwacha."