Saba ya Kopa

Nassir aligusa sikio lake la kushoto, na Iddi akashikwa na wivu.

Ishara ile ilikuwa yao wawili. Waliizua ujanani, walipoanza kucheza turufu pamoja kwenye baraza hii ya nyuma ya Kona ya Musa: mwenye saba ya turufu hugusa sikio, mwenzake akajua. Ishara si haramu katika mchezo huu. Kila jozi ina zake, na kila jozi huzificha kama siri za chumbani. Leo Nassir aliitoa mbele ya kadamnasi, naye amekaa jozi moja na Kilonzo.

Kilonzo! Mpishi wa hoteli moja huko Galu, mtu wa bara aliyejifunza mchezo juzi. Iddi alikwenda Tanga kumuuguza mama yake; kurudi, mahali pake pana mtu. "Baraza ilinipa huyu," Nassir alisema, macho chini. Tangu hapo ni Kilonzo kumiminiwa kahawa kwanza, Kilonzo kuitwa pacha. Na jozi hiyo ikamfunga kila aliyekaa mbele yake. Desturi ya baraza ni moja: jozi inayoshinda haitengani. Atakayeifunga huivunja, na humchukua mmoja wao awe mwenzake.

Iddi alimtaka Nassir arudi, basi. Akamwazima Mwinga, fundi cherehani, mchezaji ovyo lakini mtiifu, wakakaa. Mchezo ukabanana hadi kila mtu akabaki na karata mbili.

Mwinga akatupa kopa ndogo, na kopa ndiyo turufu. Nassir akafuata kwa kopa ndogo. Zamu ya Iddi. Mkononi ana ree, karata kubwa kuliko zote, na mfalme, zote mbili za kopa. Kwa nguvu, saba iko kati ya hizo mbili: huliwa na ree, humla mfalme; na saba haijatoka. Atakayeipata saba ndiye mshindi.

Kama iko kwa Kilonzo, atakayecheza baada yake, Iddi ateremshe ree sasa hivi; kopa hufuatwa kwa kopa, saba italiwa. Kama iko kwa Nassir, ambaye ameshacheza, basi athubutu: ateremshe mfalme, ree aiweke ije iinase saba kwenye karata ya mwisho. Akikosea, kwisha.

Nassir akagusa sikio tena.

"Mzee Iddi, cheza bana," Kilonzo alisema bila kuinua macho kutoka kwenye karata zake. "Kahawa inapoa."

Kwa hiyo Nassir amemfundisha Kilonzo ishara ile! Siri yao ya miaka yote Nassir ameimwaga kwa mtu wa juzi. Iddi alitamani kuipindua meza. Kisha akili ikamrudia, au alidhani imemrudia. Nassir si mjinga. Anajua fika kwamba Iddi anaijua ishara ile. Kuionyesha mbele yake ni mtego: wanataka athubutu na mfalme, Kilonzo aibwage saba juu yake, kisha waangue kicheko wawili hao. Mla nawe hafi nawe, walisema wahenga, na leo Iddi aliwaamini.

Kidole kikarudi sikioni mara ya tatu, na safari hii kikakaa.

"Hunipati, Nassir," Iddi alisema moyoni. Akaibamiza ree.

Kilonzo akatupa pau, karata isiyo na kazi. Baraza ikaguna. Iddi akaweka mfalme, karata yake ya mwisho. Nassir alikuwa amebakiwa na moja tu. Aliishikilia mpaka watu wakaanza kumhimiza, kisha akailaza mezani: saba ya kopa.

Kilonzo akaruka juu, akawakumbatia hata asiowajua. Nassir hakuinuka. Aliinama kuzikusanya karata, akasema kwa sauti aliyoisikia Iddi peke yake:

"Nilikuambia mara tatu, Iddi. Sasa huyu nitakaa naye mpaka lini?"