Mama Mkwe na Minyoo Fundo

Siku hizi kila shamba la stroberi huku Lushoto lina mtu mmoja aliyetiwa chini ya ngozi uzi unaomuunganisha na udongo, anayehisi kila mzizi. Kwetu ni mama mkwe wangu, Mama Shemndolwa, na hana mpinzani.

Jana, akichambua maharage jikoni, alishtuka.

"Tuta la nne, mche wa tisa. Minyoo fundo imeingia."

Nilikwenda kuchimba. Majani yalikuwa yamestawi, lakini mizizi ilishaanza kufanya vinundu. Kwa macho yangu nisingegundua mpaka shamba zima liishe!

Nilirudi mbio kumsifu. Nikamkuta anaipua sufuria ya chai kwa mikono mitupu, bila haraka, viganja vimebabuka.

"Mama, mikono!"

Akaitazama kama ya jirani.

"Jumatatu ni zamu yako kutiwa uzi," akasema. "Usiogope, mwanangu. Hauumi."