Kokoto za Castory

Siku Obedi alipokosa kurudi nyumbani, ufagio wake ulikutwa katikati ya uwanja wa ndege, mpini umesagwa na tairi la lori.

Alikuwa mlinzi wa uwanja ule wa udongo. Kazi yake ilikuwa kuondoa kokoto kabla ndege ya wagonjwa haijatua. Castory, dereva wa lori la kokoto, alizoea kukatisha hapo ili awahi Kibaigwa, akimwaga kokoto njia nzima. Asubuhi ile Obedi alisimama mbele ya lori. Castory aliwaambia polisi breki zilikataa. Waliokuwa karibu walisikia injini ikiongezewa mafuta.

Makaburini Ruthu, mjane wa Obedi, hakulia. Alisema mara moja tu, "Ipo siku nitamwona Castory amesimama mbele yangu, hana pa kukimbilia." Kisha akanunua ufagio mpya, akaishika kazi ya mumewe.

Kesi ilifunguliwa Dodoma, ikaahirishwa, ikaahirishwa tena. Castory alikuwa nje kwa dhamana, na kila alipopita mbele ya nyumba ya Ruthu alipiga honi. Ruthu alizitunza honi zile moyoni kama mbegu za msimu ujao.

Mwaka huu mvua zikakata barabara, na utumbo wa Castory ukajisokota. Nesi wa zahanati alisema asipopasuliwa leo, kesho wachimbe kaburi. Akaita ndege.

Kijiji kizima kikamgeukia Ruthu, maana mvua ilikuwa imefumua kokoto uwanja mzima. Rubani Swalihu aliwahi kuwaonyesha pengo kwenye pangaboi la ndege. "Kokoto moja tu, kama punje ya hindi. Ikivutwa juu ikagonga hapa, haturuki." Tangu hapo hatui mpaka aone kitambaa mkononi mwa Ruthu: cheupe, uwanja safi; chekundu, geuza.

Emiliana, mke wa Castory, alimkuta mlangoni akifunga vitambaa vyote viwili kiunoni.

"Dada Ruthu, nimekuja na ndugu zangu tusaidie kufagia."

"Fagieni."

"Na kitambaa?"

"Nitaangalia uwanja."

Nyuma yao mzee mmoja alinong'ona, "Leo ni leo. Kisasi kimeletwa hadi mlangoni."

Ruthu alifagia. Palipokuwa na tope aliinama, akachokonoa kokoto kwa kucha. Pale ndege itakapowashia injini alitandika turubai, akalipigilia vigingi pande zote. Emiliana alimfuata hatua kwa hatua, akikagua kila kigingi.

Ndege ikanguruma, ikazunguka juu yao. Macho yote yakaganda kwenye mkono wa Ruthu.

Ukainuka na kitambaa cheupe.

Emiliana akapiga magoti kwenye tope. "Mungu akulipe, mwenzangu. Moyo wa kusamehe hivi mimi sina."

Machela ilipopita, Castory alishika upindo wa kanga ya Ruthu. Midomo ilikuwa imemkauka.

"Shemeji, umenisamehe kweli?"

Ruthu akamvutia blanketi mpaka kidevuni, taratibu, kama anayemfunika mtoto. Akainama sikioni mwake.

"Pona, shemeji. Wakili wa serikali ameniambia mshtakiwa akifa, kesi inakufa naye."

Ndege iliruka salama. Hukumu inasomwa mwezi ujao.