Kiti cha Pili

Vijini vya majirani viliruka na kutema moto. Cha fundi cherehani kilijua kulala tu, kikipasha joto kiti cha mtu aliye njiani kurudi nyumbani.

Tangu mume wa fundi azikwe, hakikubanduka kwenye kiti cha marehemu.

Jioni ile alipotoka kazini alimkuta wifi yake mlangoni. "Leo nakichukua, wifi. Kinakutonesha kidonda bure."

Fundi akaingia kukileta. Akapapasa kiti cha mumewe. Baridi kama jiwe.

Kijini kilikuwa kimejikunja kwenye kiti cha pili, kiti cha fundi mwenyewe, kikikoroma mdomo wazi. Akaingiza mkono chini ya tumbo lake. Joto, kama mtu ndio kwanza ameinuka.

"Umekipata?" wifi aliuliza.

"Hakipo, wifi," alijibu. "Kimetoroka."