Mkazi au Mgeni

Nafula hakuwa hata amevua viatu wakati sauti ya mashine ya kodi iliyokuwa ukutani ilipomuuliza mama yake, "Anayelala hapa ni mkazi au mgeni?"

Siku hizi kila jimbo lilikuwa na kodi yake ya mapato. Mgeni alitozwa kwa alichokichuma pale tu, lakini mkazi alitozwa kwa kipato chake chote, popote alipokipata. Nafula alifanya kazi ng'ambo ya mto, katika jimbo jingine, na huko walikwisha kumkata kodi.

"Mgeni," mama alijibu.

"Mgeni? Mimi uliyenizaa katika chumba hiki?" Nafula alifoka. "Nimekuja kukuuguza! Sitoki hapa mpaka upone!"

"Nyamaza, mwanangu, itasikia. Wakikutoza mara mbili, dawa zangu utazinunua kwa pesa gani?"

Nafula aliupiga ukuta ngumi mpaka mkono ukavimba. Hata hivyo, kila jioni sauti iliuliza, na kila jioni mama alijibu vilevile.

Homa ilipopanda, Nafula alimwinua, akamnywesha uji. Mama alimtazama kwa muda mrefu.

"Ahsante, dada," alisema kwa adabu. "Kwenu ni wapi?"

Nafula aliweka bakuli chini, akatoka kwenda kutafuta shoka la kuubomolea ukuta ule.